Usiku Mama Akiwa Jukwaani

Nilizaliwa mama akiwa na miaka 41. Kwenye korti yetu ya Buruburu, Fezi ya Nne, hiyo ilikuwa habari. Wanawake wa rika lake walikuwa na watoto wa sekondari, na wengine walishaanza kuitwa nyanya. Yeye alikuwa amenifunga mgongoni akielekea steji ya 58, na ndani ya mkoba wake, kando ya nepi, kulikuwa na mswada wa mchezo wa kuigiza.

Hapo ndipo kesi ilipoanzia. Kuzaa ukiwa umechelewa watu wangekusamehe, hata wangekuombea. Lakini uzae umechelewa, halafu bado uende mazoezi ya maigizo kila Jumanne na Alhamisi jioni? Ati mtoto umempata kwa taabu, Mungu amekukumbuka, na bado hujatosheka? Majirani walisema hivyo, si kwa ubaya, na wengine walimwambia usoni. Mimi niliyasikia nikiwa mdogo. Nikakua nikiamini kwamba kuna deni ninalodai, na kwamba aliyekopa ni jukwaa.

Swali lenyewe ni rahisi kuuliza: mzazi ana haki ya kubaki na kitu anachokipenda ambacho si mtoto wake? Jibu la haraka kila mtu analo. "Ndiyo, lazima mama naye ajipende." Ni jibu zuri la kuweka kwenye status. Mimi limenishinda kulitumia, kwa sababu kuna usiku mmoja ambao jibu hilo haliufikii.

Ilikuwa 2006, nina miaka minane na pumu. Mama alikuwa na onyesho la kwanza la mchezo wa Kiswahili pale Kenya National Theatre. Aliniacha kwa jirani, mlango wa pili kutoka kwetu, kama kawaida: chakula kwenye hotpot, sweta, inhela. Kifua kilinibana saa mbili usiku. Jirani alichukua inhela, akaitikisa, akaibonyeza. Ilikuwa tupu. Akapiga simu ya mama, imezimwa. Alikuwa jukwaani, na jukwaani simu huzimwa. Jirani akanifunga shuka, akatafuta teksi kwenye barabara ya Mumias South, na safari nzima akawa ananiambia "pumua, mami, pumua" kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Mama alifika hospitalini karibu saa tano. Mchezoni alikuwa ajuza, na hakuwa amepata muda wa kujisafisha. Nywele zake zilikuwa zimepakwa unga mweupe, mashavu yamechorwa mikunjo kwa penseli nyeusi. Nilipofungua macho nikamwona bibi kizee amesimama kando ya kitanda, nikalia. Nesi akafikiri nalia kwa sababu ya sindano.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote. Sikuhitaji kueleza zaidi. Rafiki akiniuliza kwa nini naongea na mathee kwa ukali kidogo, nilikuwa namsimulia usiku ule, na kila aliyesikia alikuwa upande wangu.

Baadaye nilienda chuo kusoma falsafa, nikaacha mwaka wa tatu. Nitarudi kwa hilo. Lakini nilitoka na vitu viwili ambavyo vimenisumbua kuliko digrii ambayo ningepata, kwa sababu vyote viwili viliingia moja kwa moja kwenye kesi yangu na mama.

Cha kwanza ni cha Derek Parfit, Mwingereza aliyeandika kitabu kiitwacho Reasons and Persons, kilichotoka 1984. Anatoa mfano wa msichana wa miaka 14 anayeamua kuzaa. Kila mtu anamwambia angojee, atampa mtoto maisha bora akikomaa. Parfit anauliza: mtoto huyo akikua, anaweza kumlaumu mama yake kwamba hakungoja? Maana kama angengoja, mtoto ambaye angezaliwa miaka baadaye si yeye. Angekuwa mtu mwingine kabisa. Kwake yeye chaguo halikuwa kuzaliwa mapema au kuzaliwa baadaye. Lilikuwa kuzaliwa au kutokuwepo.

Parfit alikuwa na mama aliyewahi mno. Wangu alichelewa. Lakini hesabu ni ileile, na iliniuma nilipoielewa. Moja ya lawama zangu ilikuwa kwamba mama aliniibia miaka. Wenzangu wana mama wa miaka 48, wanapanda nao Ngong Hills. Mimi nina miaka 27 na tayari najua majina ya dawa zake za presha, na najua ni goti lipi linalokataa ngazi. Nitakuwa naye kwa miaka michache kuliko wao watakavyokuwa na wao. Hilo ni kweli na ni huzuni. Lakini siwezi kulifanya kosa. Mama ambaye angezaa akiwa na miaka 24 angemzaa mtu mwingine, pengine asiye na pumu, pengine mwenye digrii. Mimi njia yangu ya kuingia duniani ilikuwa moja tu, na ilipitia kwa mwanamke wa miaka 41.

Kwa hiyo lawama ya kwanza niliiweka chini. Ya pili ikabaki: zile jioni. Jumanne na Alhamisi hazikulazimishwa na chochote. Angeweza kubaki nyumbani, na mtoto ambaye angefurahia kubaki kwake angekuwa mimi huyuhuyu. Hapo Parfit hamtetei.

Watetezi wa mama wana hoja yao, nayo ni hii: mama mwenye furaha hulea mtoto mwenye furaha. Nimeisoma mara nyingi na sikubaliani nayo hata kidogo, ingawa iko upande wake. Kwanza, si kweli kwamba alirudi na furaha kila mara. Mara nyingi alirudi amechoka, amegombana na mwelekezi, miguu imevimba kwa kusimama kwenye matatu kutoka tao, na kesho yake saa mbili alitakiwa awe kwenye meza yake ya usekretari. Pili, na hili ndilo kubwa, hoja hiyo inamruhusu kupenda maigizo kwa sharti kwamba yanifaidi mimi. Inafanya jukwaa liwe kama vitamini: anakunywa yeye ili maziwa yawe mazuri. Kama siku moja ingethibitishwa kwamba maigizo hayanisaidii chochote, haki yake ingekwisha siku hiyo. Haki ya namna hiyo ni ruhusa tu, na mwenye kuitoa ni mtoto.

Kitu cha pili nilichotoka nacho chuoni ni cha Bernard Williams, Mwingereza mwingine. Miaka ya 1970 aliandika insha inayomtumia mchoraji Gauguin kama mfano. Gauguin wa kweli alikuwa na mke na watoto watano, na mwaka 1891 akapanda meli kwenda Tahiti kuchora. Williams anasema kitu cha kushtua: kwamba kinachoweza kumtetea mtu wa aina hiyo, kama kipo, ni kufaulu. Picha zikiwa kubwa, kuna la kusema. Zikiwa mbovu, amewaacha watoto bure. Na wakati wa kuondoka hawezi kujua itakuwa ipi.

Mama yangu si Gauguin. Hakuacha mtu, alikuwa anarudi na 58 ya mwisho. Lakini jaribu kumpima kwa kipimo hicho uone. Hakuwa staa. Hukumwona kwenye Vitimbi. Alikuwa jirani wa pili, muuguzi, mwanamke sokoni, na mara moja moja ajuza mwenye mistari ya maana. Kuna maonyesho yaliyokuwa na watu thelathini ukumbini, na kumi kati yao walikuwa jamaa za waigizaji. Kama ni kufaulu ndiko kunakohalalisha, basi mama alishtakiwa, akahukumiwa, na kesi ikafungwa. Ajabu ni kwamba hakuna anayempima hivyo mtu anayekwenda kwaya, chama, au kutazama mpira.

Basi alikuwa anaenda kufuata nini? Nilimwuliza, tukiwa jikoni, na jibu lake lilianzia mbali. Oktoba 1976, akiwa na miaka 19, amefika Nairobi kusomea kupiga taipu, rafiki alimpeleka National Theatre kutazama The Trial of Dedan Kimathi, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Ukumbi ule ulifunguliwa 1952 na wakoloni, mwaka uleule waliotangaza hali ya hatari, na sasa Kimathi alikuwa amesimama ndani yake. Mama anasema hakuelewa kila kitu. Alichokumbuka ni kwamba mchezo ulipokwisha watu hawakukaa kwenye viti. Walitoka na waigizaji wakiimba hadi nje.

Mwaka uliofuata habari za Kamĩrĩĩthũ zikafika mjini. Kule Limuru, wafanyakazi wa mashamba na viwanda, wakulima, akina mama wenye watoto, walikuwa wamejenga jukwaa lao wenyewe la wazi na kufanya mazoezi mwishoni mwa juma, kwa sababu siku nyingine zilikuwa za kazi. Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikaondoa leseni, Desemba ikamkamata Ngũgĩ, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mama hakuwahi kufika Limuru. Lakini alinieleza alichokifikiria, na ninaandika maneno yake jinsi nilivyoyasikia: "Nikaona watu kama sisi. Mtu ametoka kuchuma majani chai, halafu jioni yeye ni mtu mwingine, na kesho bado ni yeye. Nikasema, kumbe inawezekana."

Nimeufikiria sana huo "mtu mwingine, na kesho bado ni yeye". Nadhani ndiyo hoja pekee inayosimama. Mama hakuwa na haki ya jukwaa kwa sababu lilinifaa, wala kwa sababu alifaulu. Alikuwa nayo kwa sababu nilipofika nilimkuta mtu. Miaka 41 ya mtu. Mwanamke anayezaa akiwa na miaka ishirini hukua pamoja na mtoto, na si ajabu wakachanganyika. Anayezaa akiwa na arobaini ana nyumba iliyojaa tayari: rafiki, kazi, nyimbo anazozijua kwa moyo, Jumanne na Alhamisi. Mtoto akija unasogeza viti ili apate nafasi. Kuna viti utakavyovitoa nje kabisa. Lakini ukitoa kila kitu, mtoto atahamia nyumba tupu, na utamwambia kwamba ulifanya hivyo kwa ajili yake.

Ukisoma hapa ukafikiri namwachilia mama, ngoja. Kuna vitu ambavyo mtoto anadai bila mjadala, na mapenzi yoyote ya mzazi husimama mlangoni pa vitu hivyo. Hewa ni kimoja. Kwa hiyo nilimwuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu 2006: "Ulijua inhela imekwisha?"

Hakujibu haraka. Alizima jiko. Akasema alijua iko karibu kuisha tangu Jumatatu. Alipanga kununua nyingine Jumatano, Jumatano mazoezi ya mwisho yakaingia usiku, akajiambia Alhamisi asubuhi, na Alhamisi asubuhi akasahau kwa sababu kichwa kilikuwa na mistari. "Hilo lilikuwa kosa langu," akasema. "Si kosa la mchezo. Ningesahau pia kwa ajili ya harusi au matanga. Lakini nilisahau kwa ajili ya mchezo, na wewe ndiye uliyekosa pumzi. Pole, mami." Kisha, kabla sijapata nafasi ya kulia, akaongeza: "Na Alhamisi iliyofuata nilienda. Nilinunua inhela mbili, nikaenda."

Kwa muda nilikasirika tena. Nilitaka achague: ama aombe msamaha, ama ajitetee. Imenichukua wiki kadhaa kuona kwamba alikuwa sahihi pande zote mbili. Kosa la usiku mmoja ni kosa la usiku huo. Unalijibu kwa pole na inhela mbili. Si lazima ulijibu kwa kufuta maisha. Sisi tuliokuwa upande wa mashtaka, mimi na majirani, tulikuwa tunatumia usiku mmoja kuhukumu kila Jumanne na kila Alhamisi tangu nizaliwe.

Halafu kuna jambo ambalo naona aibu kulisema, na ndilo lililonifanya niandike. Baba alikuwa hai mwaka 2006. Tulikuwa tunaishi naye. Usiku ule alikuwa baa, hapahapa Buru, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Jirani alimpigia pia. Simu yake ilikuwa imewashwa, iliita, hakuishika. Wikendi alikuwa City Stadium kuangalia Gor, na mara nyingi Ijumaa hatukumwona. Hakuna mtu kwenye korti aliyewahi kuuliza mtoto anamwachia nani. Nimekaa na simulizi ya pumu kwa karibu miaka ishirini, nimeisimulia kwa marafiki wangapi sijui, na ndani yake baba hayumo kabisa. Nilimtoa mwenyewe. Sikuwahi hata kumwuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu ulinifunza kwamba wa kulaumiwa ni mamaye.

Nilisema nitarudi kwa chuo. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na vilipofunguliwa mimi sikurudi. Nilikuwa nimeanza kuandika kwa malipo, hela kidogo, ya kulipia vifurushi na nauli, na nikajua ndicho ninachotaka. Nilijitayarisha kwa hotuba. Unajua ile: nimejinyima, nimekulipia karo, na hivi ndivyo unavyonilipa. Rafiki zangu wawili walioacha chuo waliipata yote. Mama aliniuliza tu, "Unatoka kwenda wapi?" Nilipomwambia, akasema hiyo ni njaa, na akanipa dawati lake la zamani.

Nimejiuliza kwa nini hakuwa na hotuba. Nafikiri ni kwa sababu hakuwa na risiti. Alilipa karo, ndiyo, na karo si kidogo. Lakini hakuwa amenipa maisha yake yote, hivyo hakuwa na ya kuyadai. Sitaki kulifanya hili liwe kanuni. Jirani aliyenibeba usiku ule alikuwa ameacha biashara yake ya ushonaji ili alee watoto wanne, na sijamsikia akimtumia yeyote bili. Kuna watu ambao kulea ndiyo jukwaa lao. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: anayejitoa kwa sababu ameambiwa lazima, siku moja atatafuta wa kumrudishia, na aliye karibu ni mtoto.

Mwaka huu mama ana miaka 68. Kikundi kidogo hapa mtaani kinatayarisha mchezo, wakamwomba awe nyanya. Mazoezi mara tatu kwa wiki, jioni, na kuna ngazi. Nilipoambiwa, nilisema bila kufikiri, "Mum, si upumzike tu? Na presha je? Na nani atakupeleka?" Akaniangalia kwa muda.

"Umekuwa jirani," akasema.

Sina la kujitetea. Nilikuwa nimeshika hoja ileile, nimeigeuza upande. Mtoto mdogo asingeweza kuachwa, na sasa mzee asingeweza kuondoka, na katika mahesabu yote mawili aliyekuwa anapaswa kubaki nyumbani ni yeye. Na shangazi zangu wameshaanza na mimi: utazaa lini, usije ukachelewa kama mama yako. Nawajibu kwa kicheko. Sijui kama nitazaa. Nikizaa, sijui kama itakuwa mapema au kwa kuchelewa. Najua sitaki kumngoja mtoto nikiwa nyumba tupu, na najua nitanunua inhela mbili.

Tulikubaliana hivi, kama watu wawili wanaodaiana vitu vyenye mwisho. Mimi nampeleka Jumatatu na Jumatano. Ijumaa atapelekwa na mwelekezi, kwa sababu Ijumaa nina kazi zangu za kuwasilisha na zangu pia ni za kweli. Dawa zake za jioni anakunywa kabla ya kutoka nyumbani, mbele yangu. Simu yake haizimwi. Akipanda jukwaani nakaa nayo mimi.

Iko hapa kando yangu ninapoandika, kwenye kiti cha plastiki mwisho wa ukumbi. Wanarudia onyesho la pili kwa mara ya nne. Mwelekezi, kijana wa rika langu, amemwambia safari hii hakuna haja ya unga kwenye nywele.